Wapiga mbizi wa jukwaani hufanyaje mazoezi?
Kaka, umeuliza kana kwamba wale wa Olimpiki, wanaojirusha bwawani kutoka jukwaa la juu, hushinda majini siku nzima. Wapi! Sehemu kubwa ya kazi iko nchi kavu: trampolini, kamba za kiunoni anazoshika kocha, shimo la sponji, wakirudia mapinduko yale yale mpaka mwili ujue wenyewe. Kutoka mita 10 unagonga maji kwa kama kilomita 50 kwa saa, mwendo wa matatu mjini siku haina jam. Ndiyo maana viganja hutangulia vikiwa bapa, kimoja kimeshika kingine, vitoboe maji kabla ya kichwa. Wengi hufunga bandeji kwenye vifundo vya mikono. Bwawani nako hurushwa manyunyu ili uso wa maji uonekane kutoka juu. Mimi ubao wa mita 1 ulinitosha. Tumbo liliwaka hadi nikafika mtaani Umoja.