Kabla hujampa mwanafunzi vijiti

Mwanafunzi wangu wa kwanza wa dramu alidumu wiki tatu tu. Alikuwa kijana mwenye hamu kweli, anatoka Chang'ombe kwa miguu hadi kwangu Nkuhungu, hapa Dodoma, jua likiwa bado kali. Kila akija, nakaa kwenye dramu namwonyesha. Namwonyesha sebene, namwonyesha jinsi ya kuzunguka tomu zote, zile ngoma za juu na za pembeni, bila kupoteza mwendo, namwonyesha yote niliyoyapata kwa miaka 19 ya kupiga harusini, kwenye bendi na kanisani. Akishindwa, namrudia kwa kasi ileile. Wiki ya nne hakutokea. Nilipompigia simu akaniambia kwa adabu, "Shikamoo mwalimu. Nimeona tu mimi sina kipaji."

Yale maneno yaliniuma, maana kipaji alikuwa nacho. Mimi ndiye niliyekuwa napiga badala ya kufundisha.

Nawaandikia wapiga dramu wenzangu wa Dodoma kwa sababu najua mnaombwa. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016 mji umejaa, kumbi na kwaya zimeongezeka, na wazazi wanatafuta mtu wa kuwafundisha watoto wao. Wanakufuata wewe kwa sababu wamekuona jukwaani. Ila mkono uliozoea jukwaa umeshasahau ulikopita. Jaribu leo: kaa peke yako, piga lile pigo lako jepesi kuliko yote kwa mwendo wa mapigo 60 kwa dakika, huku ukitaja kwa sauti kila mkono na kila mguu unafanya nini. Mimi nilipojaribu nilikwama kabla sijamaliza mzunguko wa pili. Kama huwezi kulitaja, mwanafunzi atalishika wapi?

Ndiyo maana siku hizi kwangu hakuna anayeshika vijiti siku ya kwanza. Tunaanza na mdomo. Kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, ni "du"; snea, ile ngoma ya mbele yenye mlio mkali, ni "ka". Tunatembea uani, kila hatua ni hesabu moja, tunaimba: du, ka, du, ka. Likikaa, naongeza "du" moja katikati ya hatua: du, ka, dudu, ka. Wengine huona aibu mwanzoni, hasa vijana wakubwa, basi naimba nao mpaka aibu iishe. Siku anapokalia kigoda, pigo analo tayari. Kinachobaki ni kulipeleka kwenye mikono na miguu.

Kuna binti mmoja aliyenifundisha jambo kubwa. Alikulia kijijini upande wa Chamwino, kisha akaja mjini kusoma. Nikimpa pigo la nne nne, kila mara linapinda, mkono wake unakimbilia kwenye tatu. Nikaanza kuamini hasikii. Siku moja tukiwa tumepumzika, nikamwona ameibana ndoo tupu kati ya magoti, anaigonga taratibu kwa viganja. Ilikuwa muheme, ngoma ya kina mama wa Kigogo, ile inayopigwa imebanwa mapajani. Nikamuuliza kaijulia wapi. "Kwa bibi," akasema, kama vile nimemuuliza maji kayajulia wapi.

Nikaacha somo nililoandaa. Nikamwambia ahesabu sita kwenye haihati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, kwa mkono wa kulia, kiki iingie kwenye moja, snea kwenye nne. Hata dakika kumi hazikuisha, likakaa. Wiki zilizofuata tukatoka kwenye sita, tukaja kwenye nne nne, na safari hii hakupinda, kwa sababu alikuwa ameshajiamini. Mkoa huu ndio uliomzaa mwanamuziki Hukwe Zawose, aliyezungusha zeze na ilimba, ile marimba ya vidole gumba, duniani, halafu mimi nilikuwa namfundisha mtoto wa huku kana kwamba hajawahi kusikia ngoma. Sasa swali langu la kwanza kwa kila mwanafunzi ni hili: kwenu wanacheza nini?

Kuhusu ushikaji, usiwe na haraka. Kijiti kishikwe kwa kidole gumba na cha shahada, kama theluthi moja kutoka nyuma, vidole vingine vitatu vikizunguka bila kubana. Kisha mwambie akiachie kianguke kwenye snea, na asikizuie. Kitaruka chenyewe mara nne, tano, sita. Anayebana atapata pigo moja zito na ukimya. Nafanya zoezi hili somo zima kama ikibidi, kwa kuwa mkono unaobana huchoka kabla wimbo haujafika katikati. Mazoezi ya nyumbani hayahitaji dramu: kipande cha raba ya tairi kilichogongomelewa kwenye ubao kinatosha, na majirani watalala.

La masikio nalisema kwa uchungu. Sikio langu la kushoto, lile la upande wa haihati, linapiga mluzi mchana na usiku. Hakuna aliyeniambia nilipokuwa kijana. Dramu kwenye chumba kidogo hupita desibeli 100 kwa urahisi, na kwa kiwango hicho muda unaoshauriwa bila kinga ni dakika 15 tu kwa siku. Kwangu, asiye na vizibo vya masikio hapigi, hata kama mzazi ameketi pale anasubiri kumwona mwanawe.

Wazazi nao wana swali lao: "Mwalimu, atapiga lini kanisani?" Usitaje tarehe. Mimi huwaambia atapiga siku atakapoweza kushika pigo moja wimbo mzima bila kukimbia wala kulegea, bila pambo lolote. Wengine hufika mapema, wengine huchukua mwaka.

Akikaribia hapo, mchukue kwenye shoo yako. Mkalishe kwenye kiti nyuma yako, upande wa kulia, na mpe kazi moja: autazame mguu wako wa kiki tangu mwanzo hadi mwisho. Asitazame mikono. Mikono inapendeza, ila waimbaji wanautegemea mguu.

Yule binti wa muheme alikaa pale mwezi uliopita. Tulipokuwa tunafungua matoazi akanisogelea. "Mwalimu, samahani. Kwaya ikipandisha sauti, mguu wako unatangulia kidogo." Usiku ule nilisikiliza rekodi mara tatu. Ni kweli, unatangulia. Tangu wiki ile nimerudi kwenye mapigo 60, naimba du, ka, du, ka, peke yangu uani kabla wanafunzi hawajafika.