Jibu: Kioo cha sanrufu ya Forester kimevunjika

Pole sana mkuu kwa kuvunjikiwa kioo cha sanrufu, lile dirisha la kwenye paa la Subaru Forester yako. Huyo fundi anayetaka kubadilisha sanrufu nzima pamoja na mota yake, mwambie akuonyeshe kwanza reli ya kutelezea kioo iliyopinda. Hana ya kukuonyesha? Basi nunua kioo peke yake. Tafuta used Ilala au Gerezani, Dar es Salaam, na uende na namba ya chesisi, maana Forester za matoleo tofauti haziingiliani vioo.

Kukifunga ni skrubu chache tu kila upande. Kazi kubwa ni usafi. Kioo kile kikivunjika kinakuwa chengachenga, zinajaa kwenye reli. Zifyonzwe zote kwa mashine kabla mtu hajagusa swichi, la sivyo utaharibu na reli. Kisha mimina maji kidogo kwenye kona za mbele. Yasipotokea chini ya gari, mpira wa kutolea maji umeziba, na mvua italowesha dari.

Kabla skrubu hazijakazwa, pitisha kiganja kutoka kwenye bati hadi kwenye kioo. Ukingo wa mbele wa kioo usiinuke hata kidogo, la sivyo utasumbuliwa na mvumo wa upepo. Na fundi akitaka kupaka silikoni (gundi ya kuzibia) pembeni mwa kioo, usikubali kabisa!

Kwa sasa funika hilo tundu na nailoni nene.