Usilipie "jenereshen ya 10" kabla hujaona namba nzima ya prosesa

Mkuu, usitume hiyo hela. Umeuliza kama laptopu ya "i7 jenereshen ya 10" ya laki tisa inafaa kuediti video za harusi, betri yake inakaaje, na kama ununue Dar au hapahapa Tanga. Namba nzima ya prosesa, yaani ile chipu kuu ya laptopu, iko wapi? Kwenye tangazo ulilobandika haipo, na hapo ndipo nilipopigwa mimi.

Muuzaji mmoja hapa mjini aliniambia, "Kaka, hii nanomita 10, teknolojia mpya kabisa," akanipandishia bei kwa laki mbili na nusu. Nanomita ni jina la mchakato wa kutengeneza chipu; namba ikiwa ndogo, mchakato ni mpya zaidi. Nikalipa. Kazi ya kwanza ilikuwa harusi ya Ngamiani. Saa nane usiku feni inapiga kelele mpaka mke wangu kaamka, kurenda (kutoa video iliyokamilika) kumekwama asilimia 31, na asubuhi familia inataka video yao. Ndipo nikafungua kusoma jina la prosesa: i7-10510U. Hiyo ni nanomita 14, teknolojia ambayo Intel, watengenezaji wa hizo i7, walianza kuiuza 2014 wakawa wanaiboresha tu.

Kiwanda hakihami kutoka nanomita 14 kwenda 10 kwa siku moja, mkuu. Mchakato ukiwa mchanga, chipu nyingi kwenye kila kisahani cha silikoni hutoka mbovu, kwa hiyo mitambo ya zamani huendelea kuzalisha mpaka mpya ikomae. Nanomita 10 ya Intel ilipangwa kutoka kwa wingi 2016, ikafika 2019. Mwaka huohuo jenereshen ya 10 ya laptopu ikatoka na familia mbili: Ice Lake ya nanomita 10 na Comet Lake ya 14. Zote zinaitwa i7! Grafiksi ya i7-1065G7 ina vitengo 64 vya kuchakata, ya 10510U ina 24. Kwa mtu wa video hilo si jambo dogo.

Sisemi 14 ni takataka. Ningeilipia bei yake. Kinachoniuma ni yule bwana, maana nilipomrudia alinijibu, "Si jenereshen ya 10 hiyohiyo?" Anauza kitu asichokisoma, na hela yangu hajarudisha hadi leo.

Mwambie muuzaji wako aiwashe, apige picha jina lote la prosesa. Ikiishia na G7, endeleeni kuongea bei. Ikiishia na U, kwa jenereshen hiyo ni 14, mshushe bei au uondoke. Akikataa kupiga picha, achana naye. Ukiipata iweke hapa, niko macho.