Mchoro wa kuazima, kadi yangu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mtu anayetengeneza kadi au kurasa za albamu kwa kufuata mchoro wa mpangilio uliochorwa na mwingine, je, anaweza kusema kazi hiyo ni yake?" Jibu langu ni ndiyo, na naomba nafasi ya kulieleza kwa kirefu, maana hapa Tanga swali hilo naulizwa uso kwa uso, tena na watu waliokaa barazani wamejifunga kanga.

Basi nianze na hiyo kanga. Ina pindo linaloizunguka, ina mji katikati, ina jina chini ya mji. Pita kwenye maduka ya Ngamiani uone zilivyotundikwa, rangi kwa rangi, na zote zimegawanywa vilevile. Sijasikia mtu akimwambia mchora kanga kwamba kamwibia mwenzake kwa sababu na yeye kaweka pindo. Tunachouliza sisi ni mji una nini, na jina linasema nini, na linamsema nani. Mchoro wa kadi nauona hivyohivyo.

Kwa asiyeujua: mchoro ninaousema ni miraba michache ya penseli. Mraba maana yake picha. Mstatili mrefu ni ukanda wa karatasi ya rangi au kitambaa. Vistari viwili vitatu ni maneno, na viduara ni vikorombwezo, vishikizo, maua, chochote ulicho nacho. Hauna rangi wala hausemi kama ni sikukuu au ni msiba. Unakuambia tu kitu gani kikae wapi na kiwe kikubwa kiasi gani kuliko mwenzake. Ndiyo maana naona vigumu kusema una mwenyewe. Kadi ya Krismasi inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuuzwa, ile ya London ya mwaka 1843 aliyoiagiza Henry Cole na kuichora John Callcott Horsley, imegawanywa sehemu tatu: katikati familia iko mezani inainua bilauri, na huku na huku maskini wanalishwa na kuvishwa. Mgawanyo huo wa tatu makanisa ya Ulaya yalikuwa yameshautumia karne nyingi kwenye picha za madhabahuni. Horsley naye aliazima, na kadi ikabaki kuwa yake.

Najua kuna watakaonitupia ile methali ya kumwiga tembo. Sawa. Wakimaliza, nitawaonyesha mchoro mmoja ninaoutumia mwaka mzima, wauone unavyofanya kazi.

Una vitu vitatu. Ukanda wa wima upande wa kushoto, wenye upana wa theluthi ya kadi. Mraba mmoja uliopanda juu ya ukingo wa huo ukanda, nusu ndani nusu nje, upande wa juu. Mstari wa maneno chini kulia. Basi. Kadi yangu ya kawaida ni A6, milimita 105 kwa 148, kwa hiyo ukanda ni milimita 35. Mraba naukata wa 50, na kiini chake nakiweka milimita 35 kutoka kushoto na kama 49 kutoka juu, pale theluthi ya upana inapokutana na theluthi ya urefu. Jicho hutua hapo lenyewe. Ukiuweka mraba katikati kabisa ya kadi, kadi inatulia mno, kama picha ya pasipoti.

Karatasi ni manila ya A4, inayokatwa katikati na kila kipande kukunjwa. A4 moja kadi mbili. Hapa pana jambo ambalo wanaoanza hawaambiwi. Karatasi ina mkondo, nyuzi zake zimelala upande mmoja. Ipinde taratibu bila kuivunja, kwanza kwa urefu halafu kwa upana, upande unaokubali bila ubishi ndio wenye mkondo. Mkunjo ukienda kinyume, manila nzito hupasuka mgongoni na rangi inamenyeka. A4 nyingi nyuzi zake zimelala kwa urefu, kwa hiyo ukikata katikati kwa njia niliyosema, mkunjo unaangukia mkondoni. Kabla ya kukunja, weka rula na upitishe kalamu iliyokwisha wino, kwa nguvu kidogo, ili ibaki alama ya mfereji. Halafu kunja. Kalamu zilizokwisha msizitupe.

Sasa ukanda. Mimi naufanya kwa kitenge, mabaki ya fundi cherehani, ambayo ukiomba kwa adabu unapewa bure. Kitenge kinapigwa pasi kwanza. Gundi nyembamba naipaka kwenye karatasi ya kawaida, si kwenye kitambaa, maana kitambaa kikinywa gundi kinatoa madoa upande wa juu. Nakilaza, nakisugua kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje, naweka vitabu vizito juu yake mpaka kesho yake. (Msahafu hauwekwi kwa kazi hiyo, najua hamtauliza.) Kikishakauka ndipo nakata ukanda wa milimita 35, kitambaa na karatasi yake pamoja, na ukingo hautoi hata uzi. Masika, Machi mpaka Mei, kwa hewa ya pwani yetu, vitabu vinakaa siku mbili, na gundi ya maji naiacha, natumia gundi ya stiki au selotepu ya pande mbili. Karatasi iliyokunywa unyevunyevu wa bahari ukiiongezea gundi ya maji inajikunja kama jani la mgomba.

Kadi hiyo kwa Iddi inakuwa na kitenge cha kijani au cha dhahabu, mwezi umekatwa ndani ya mraba, na uzi wa katani umezungushwa mara moja ukafungwa fundo. Yule Mjerumani, Richard Hindorf, alipoleta mkonge kwenye pwani hii mwaka 1893 sidhani kama aliwaza kadi za Iddi, lakini ndiko ulikofika. Mchoro huohuo nikiulaza ubavu, ukanda ukawa chini na mraba upande wa kushoto, ni kadi ya pole: karatasi ya kijivu badala ya kitenge, mraba mtupu wenye maneno mawili, hakuna fundo, hakuna kikorombwezo. Mtu aliyepokea zote mbili hatajua kwamba zimetoka kwenye penseli moja.

Na ukuzaji wake ni rahisi kwa sababu karatasi za A zimepimwa ziwiane. A6 ukiizidisha mara mbili kwa upana na mara mbili kwa urefu, unapata A4. Ukanda wa 35 unakuwa 70, mraba wa 50 unakuwa 100, na tayari una ukurasa wa albamu. Picha ya kawaida ya studio, sentimita 10 kwa 15, inaingia kwa upana wake bila kukatwa. Inashuka chini kuliko mraba kwa sentimita 5 tu, na haileti ubaya wowote.

Tatizo linakuja kwa michoro ya Wamarekani, ambayo ndiyo mingi kwenye simu zetu. Wao ukurasa wao wa albamu uliozoeleka ni mraba wa inchi 12 kwa 12, yaani sentimita 30 na nusu kila upande. Hapa kwetu albamu tunajitengenezea kwa A4 na faili la nailoni. Nimeona vijana wakihangaika kuuvuta mraba uwe mstatili, picha zinarefuka, nafasi zinapotea, halafu wanasema mchoro mbaya. Mchoro hauna kosa. Chukua A4 yako, pima milimita 210 kutoka juu, piga mstari. Juu ya mstari una mraba kamili, na chini umebakiwa na milimita 87. Mchoro wa Mmarekani unaingia wote juu, vipimo vyake ukivizidisha kwa 0.69 hivi, na zile 87 za chini ni za maneno: nani, wapi, siku gani, nani alikasirika picha ilipopigwa. Picha nazo zipungue kwa kiasi hicho. Ile ya 10 kwa 15 inakuwa 7 kwa 10 na kitu, kwa hiyo mwambie mtu wa studio kabla hajasafisha. Kwenye kurasa zao picha tatu zinakaa sambamba kwa upana; kwenye A4, za upana wa sentimita 10 ni mbili tu, na inabaki sentimita moja ya kugawana pembeni na katikati. Ukilazimisha ya tatu unaharibu.

Hiyo nafasi ya maneno naitetea kwa nguvu. Michoro mingi ninayoiona inaweka maneno kwenye kikaratasi kidogo pembeni, kama bei ya sabuni, kisha inajaza maua. Sisi albamu zetu hukaliwa na watu watano kwa pamoja, bibi yuko katikati anaelekeza kwa kidole. Bibi akiondoka, nani atajua huyu aliyesimama nyuma ya baiskeli ni mtoto wa nani? Andikeni.

Na kwa kuwa nimeshataja picha za bibi: picha ya zamani isikatwe ili itoshe mraba wa mchoro. Ikapigwe picha upya studio, nakala ndiyo ikatwe. Ile yenyewe ikae kwenye ukurasa kwa vipembe vya karatasi vilivyokunjwa, vinne, bila tone la gundi, ili siku yoyote itoke kama ilivyoingia. Selotepu ya kawaida ndiyo adui mkubwa zaidi, inageuka manjano, inaacha doa lisilotoka. Gazeti nalo zuri kwa kutandika mezani tu, karatasi yake haichelewi kugeuka manjano na haifai kulala na picha. Wenye zile albamu za zamani za kurasa zenye gundi na nailoni juu, zilizojaa kwenye makabati ya sebuleni, jaribuni kuzitoa picha mapema, taratibu, kwa uzi mwembamba unaopitishwa nyuma ya picha. Zikigoma, piga nakala zikiwa humohumo.

Turudi kwenye swali. Kuna kadi moja ambayo hakuna mchoro wa ng'ambo unaoisaidia, nayo ni kadi ya mchango. Michoro yao haina mahali pa jina la mchangiwa na la mchangiaji, kiasi alichoahidi, namba za simu za mweka hazina na siku ya mwisho ya kuwasilisha. Ya mwaliko nayo inataka wazazi wa pande mbili, ukumbi, na pale pa kuonyesha kama ni ya mtu mmoja au wawili, maana hapo ndipo ugomvi wa mlangoni unapoanzia. Kuna familia zinazotaka Bismillahi juu katikati, na kuna zinazokataa kwa hofu kwamba kadi itaishia jalalani. Lazima uulize kabla ya kuchora. Hiyo nachora mwenyewe kuanzia mwanzo, kisha nabandika mchoro ukutani na mabinti wanaonisaidia wanagawana: huyu anakata kanda, huyu anakunja, huyu anabandika. Bila mchoro, kadi za harusi moja zingetoka kila moja na sura yake, na kamati ingenirudishia.

Mama mmoja alikuja kuchukua za binti yake, akaigeuzageuza moja, akaniambia, "Mwalimu, hii si umeitoa kwenye simu?"

Nikamwambia, "Mpangilio wa mbele nimeutoa kwenye simu, mama. Hicho kitenge ni sare yenu, ulikileta mwenyewe kwenye mfuko. Maneno aliyasema mume wako umesimama hapohapo. Simu ilijuaje?"

Akacheka, akalipa. Hata asingecheka, angelipa.

Ila kuna mahali jibu langu linageuka. Mteja akiniletea picha ya kadi iliyokwisha tengenezwa na mtu, na rangi zake, na maua yake, na maneno yake, akataka iwe vilevile mpaka fundo la utepe, huo si mchoro tena. Hapo hakuna nilichoachiwa nichague. Kwanza najaribu kumgeuza: namwambia acha tuchukue mpangilio, tubadili kitambaa na maneno, na wengi wanakubali wakishaona kipande cha kwanza. Akikataa kabisa namfanyia, kwa sababu kodi ya chumba cha kazi haingoji. Kadi zangu zote nyuma, chini kabisa, naandika jina langu kwa penseli, herufi ndogo. Ya kwake naiacha bila jina.

Mwalimu mstaafu, Chumbageni, Tanga