Barua kwa mwanangu Rahma: mpira wa mstari wa nyuma

Chake Chake, Pemba

Mwanangu Rahma,

Assalaam alaykum. Sote wazima, alhamdulillahi, isipokuwa goti la baba yako, na yeye hataki mtu alitaje. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza, na ile karatasi ya kambi uliyonipigia picha kanisomea Asha, maana miwani yangu bado iko kwa fundi. Umeuliza mawili: mwanao Ilham ana miaka tisa, je, si mdogo kulala siku kumi hotelini kwa ajili ya tenisi? Na shilingi 600,000 kwa siku kumi si israfu?

Nitakujibu yote mawili. Ila kuna mstari mmoja chini kabisa ya ile karatasi ambao naona wewe umeupita mbio, mie ukanikaa kooni. Wameandika, tena kwa kujisifu, kwamba kila mechi itakuwa na mwamuzi mtu mzima. Tutaufikia.

Umri hauna neno. Siku hizi mtoto hakabidhiwi ule mpira mgumu wa manjano uliokuwa ukikupiga wewe kifuani. Mjomba wako Haji, ambaye kazeekea kwenye viwanja vya mahoteli, kanieleza: wadogo kabisa huanza na mpira mwekundu, wakapanda kwenye wa rangi ya chungwa, kisha wa kijani, na tangu 2012 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limekataza mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini kuchezwa kwa mpira wa kawaida. Ilham atapewa wa chungwa, ambao mwendo wake ni kama nusu ya ule wa wakubwa, na kiwanja chake kitakuwa cha mita 18 badala ya 23.77. Mpira utamjia kiunoni, hautamruka utosi. Wewe ulianza vipi? Ukuta wa skuli, kibao, na mipira yenye vipara aliyokuwa akikuletea Haji kutoka Unguja ndani ya mfuko wa unga. Na ulijifunza.

Kitu cha kuangalia ni upepo. Hoteli yenyewe iko pwani ya mashariki na kambi ni Julai, kusi limeshika barabara, ndio wakati wale wageni wanaoteleza majini kwa matiara wanajazana Paje. Mpira wa chungwa haufiki hata gramu 47, wa kawaida haupungui 56. Mtoto akiurusha juu asevu, yaani aanzishe pointi, upepo unamchukulia. Waulize wanaanza saa ngapi. Kama ni saa moja asubuhi, vyema, kama ni saa nane mchana wanapoteza wakati. Na ushungi wake uwe ule wa kubana wa kitambaa cha jezi, usimfungie mtandio wa kupepea.

Pesa ni zenu. Mumeo kanunua televisheni ya ukuta mzima bila kumuuliza mtu, sioni kwa nini laki sita za mtoto ziitiwe kikao.

Haya, sasa huyo mwamuzi.

Unaikumbuka kambi yako ya tenisi ya Dar, likizo ile ya 2002. Baba yako kauza dume lake kukulipia, na watu wa mtaani wakasema mtoto wa kike na raketi wapi na wapi. Ulikuwa na miaka 13. Najua unayajua haya yote, usinikatize. Siku ya mwanzo ya kambi mwalimu alikupangeni mstari akakuelezeni kwamba hakuna mwamuzi, kila mmoja anaita mipira ya upande wake. Iliyogusa mstari, hata kwa unywele, ni ndani. Ya nje uiseme papo hapo, kwa sauti, mwenzio asikie. Ukitia shaka, ni ya mwenzio. Ulipokuja kunisimulia nilishangaa, maana niliyasikia haya chuoni kabla sijajua tenisi ni kitu gani. Aya ya 135 ya Suratun Nisaa, babu yako alitusomesha mpaka tukaota: kusimama na uadilifu na kushuhudia haki hata juu ya nafsi yako. Tangu siku hiyo nikaupenda mchezo ule, na tangu siku hiyo nasema, na nitasema mpaka nizikwe: shahidi wa mpira ni mwenye upande.

Jumamosi ya mwisho wazazi tukaalikwa. Mie nilikaa kwenye benchi la saruji sambamba kabisa na mstari wa nyuma, upande wako. Baba yako alikuwa kule kwenye uzio akiwahadithia wanaume wa Dar habari za karafuu. Yule mtoto uliyecheza naye alikuwa na raketi tatu kwenye begi. Wewe moja, ya kuazima, mpini wake gripu imebanduka, nikakuzungushia kipande cha kanga yangu nyekundu. Jasho likaitoa rangi ile kanga, na kila ulipobadilisha mkono kupangusa uso niliona kiganja chako kimekuwa chekundu, na shavu nalo likashika rangi. Watu wakadhani umeumia.

Gemu tano kwa nne, unasevu wewe, arubaini kwa thelathini. Pointi moja tu ilibaki ushinde. Ukasevu, akarudisha juu, mpira mrefu, ukausogea kisha ukauacha upite. Ukatua nyuma kabisa. Mwalimu alishafunga daftari lake. Yule mtoto mwenyewe alishaanza kuja kwenye neti kukupa mkono. Nawe ukanyoosha kiganja chini, kile chekundu, ukasema, "Ndani."

Ukaipoteza gemu ile, ukapoteza na mbili zilizofuata. Saba kwa tano.

Unajua kilichoniuma? Kushindwa hakukuniuma. Yule mwalimu angegomba, ningevumilia. Alicheka. Akasema mbele za watu, "Huyu wa Pemba ana huruma, hafai mashindano," na wazazi wengine nao wakacheka, hata mama mmoja niliyemgawia visheti vyangu asubuhi. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha sheria ile! Mtoto kaifuata kama alivyoambiwa, kaonekana ana huruma. Na majina ya waliochaguliwa kuendelea yaliposomwa, lako halikuwamo. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko natamani nirudi pale, na visheti vyangu nivichukue.

Tulipokuwa kwenye boti ya kurudi Pemba, pale Nungwi bahari inapochafuka, ukaniuliza, "Mama, wewe uliuona?" Nikakwambia lala, usije ukatapika. Ukalala. Hukuniuliza tena, na mie sikukwambia.

Sasa nakwambia. Mpira ule ulikuwa nje, Rahma. Nje kwa vidole viwili. Niliona vumbi likiruka upande wa nje wa mstari. Kiwanja kilikuwa cha saruji, hakishiki alama; ungekuwa udongo mwekundu kama wa Roland Garros kule Paris, ungekwenda kuitazama alama yake na mambo yangekwisha.

Baba yako nilimwambia usiku ule ule. Anasema jicho la mama si jicho la shahidi, na kwamba jua lilikuwa usoni mwangu. Huenda. Lakini mie nilikuwa sambamba na mstari, yeye alikuwa anahadithia karafuu. Sasa ungetaka nikwambie nini pale kwenye boti? Ningesema ulikuwa nje, ungejiona umechekwa kwa haki. Ningesema ulikuwa ndani, ningekuwa natia uongo juu ya ukweli wako. Nikasema lala. Nilifanya vyema. Haji anasema ningekwambia mapema ungeendelea na tenisi, usingeiacha ulipoingia kidato cha tatu, ati ulidhani kwamba ukisema kweli utashindwa daima. Sijui Haji anayatoa wapi haya. Uliacha kwa sababu ya mitihani. Si ndiyo? Au sivyo?

Vyovyote iwavyo, haibadilishi kitu. Wewe uliona ndani ukasema ndani, kwa sauti, papo hapo, na pointi ya kushinda iko mkononi mwako. Shahidi wa mpira ni mwenye upande, mama yake ni mtazamaji.

Mumeo atasema haya ya kizamani. Atakutolea mfano wa mashindano ya Wimbledon kule Uingereza, kwamba 2025 wamewaondoa waamuzi wote wa mistari, sasa inaita mashine. Mwambie nasi tuliangalia, kwa Haji. Mechi ya Pavlyuchenkova wa Urusi na Kartal wa Uingereza, kiwanja kikuu, mashine ikawa imezimwa kwa bahati mbaya upande mmoja. Mpira wa Kartal ukatoka nje, kila mtu kauona, mashine kimya. Mwamuzi aliyekaa juu ya kiti, macho yake mazima, akaamuru pointi irudiwe. Yule Mrusi akaikosa gemu aliyokuwa ameshaishika, ingawa mechi alishinda mwishowe. Uwanja mzima wa watu wazima wakingoja kuambiwa walichokiona! Nikamtazama baba yako. Hakusema kitu.

Tena mashindano ya watoto, Haji anasema, kwa kawaida hayana mwamuzi kila kiwanja. Huzunguka mmoja tu, anaitwa watoto wakigombana. Sasa kambi ikimzoesha Ilham siku kumi kugeuza shingo kumtazama mtu mzima kila mpira unapotua, siku ya mashindano atamgeukia nani? Ndiyo maana mstari ule ulinikaa kooni. Kufundishwa pigo la fohendi ni kuzuri, atafundishwa popote. Lakini kusimama peke yake, pointi anaitaka, na mdomo wake ndio unaoamua, hilo si pengi anapoweza kulipata, na wao wameliondoa wakaliita huduma.

Ingawa najiuliza pia. Miaka tisa. Atakutana na mtoto mkubwa mwizi wa pointi, anaita nje kila mpira, naye Ilham unamjua, atanyamaza kisha alie chooni. Pengine mwamuzi siku za mwanzo ana faida yake, awasikie wanavyoita, awarekebishe bila kuwachukulia kazi. Hilo nalikubali. Siku mbili, tatu. Siku kumi hapana.

Na usije ukafikiri ninasema hivi ili aje kwangu Pemba kama kila likizo. Sijasema aje Pemba. Ingawa Angella Okutoyi wa Kenya, aliyechukua kombe la wasichana la wawili wawili Wimbledon 2022, kalelewa na bibi yake, na hilo si mie niliyelitunga.

Basi utasema, Mama, nimekuuliza nimpeleke au nisimpeleke, umenizungusha mpaka Dar na kurudi. Mtoto ni wako na mumeo, mie sitii mkono. Lakini kabla hujalipa, wapigie simu uulize neno moja tu: watoto wanaita mipira yao wenyewe au hawaiti? Wakikwambia mwamuzi ataita yote mpaka siku ya mwisho, basi… basi nimenyamaza, fanyeni mnavyoona. Wakikwambia watoto wanaita wenyewe na mtu mzima anasimama kando, laki tatu natoa mie, zimo kwenye pesa zangu za karafuu, baba yako asiambiwe.

Na siku ya mwisho ukienda kumtazama, usikae karibu na mstari wa nyuma. Kaa kule kwenye uzio, na watu wa karafuu.

Haji kapata mipira ya chungwa, mizima, haina vipara. Nitampa kijana wa boti ya Alhamisi pamoja na kisamvu na yale maembe. Mtume mtu bandarini mapema, mara ile iliyopita maembe yalikaa juani mpaka saa kumi.

Msalimie mumeo. Ilham mwambie bibi anamuuliza: mpira ukigusa mstari ni ndani au nje? Akijibu bila kukutazama wewe kwanza, nijulishe.

Mama yako