Ukimsifu Umpendaye, Sifu Alilolitenda

Mwaka niliooa, hapa Jinja, nilimtungia mke wangu shairi la beti saba, lenye mizani 16 kila mshororo na vina vilivyotimia kati na mwisho, nikamsifu kwa shingo ya upanga, meno ya mchele na kiuno cha nyigu. Mwezi uliopita binti yetu alilikuta katika daftari la zamani, akamsomea mama yake, ambaye sasa ana mvi na amekondeshwa na maradhi. Alisikiliza hadi kituo, kisha akaniuliza kwa upole: “Baba watoto, huyu uliyemsifu ni nani?”

Sikuwa nimemwongopea, kwani ndivyo alivyokuwa. Kosa langu ni kwamba sifa zile zingemfaa msichana yeyote.

Wengi hudhani dawa yake ni kuuacha mwili na kuandika “moyo safi” au “tabia njema”. Nilijaribu, beti zikatoka kavu, kwa sababu tabia isiyo na tendo ni jina tupu, nayo humfaa yeyote vilevile.

Aliyenisaidia ni Mwana Kupona, mshairi wa kisiwa cha Pate, aliyemtungia binti yake utendi wa wasia mwaka 1858, akiwa ameugua mwaka mzima. Mwili wake mwenyewe ulikuwa ukimwisha, lakini haudharau mwili: humuusia bintiye ajipambe na kujitia manukato, kama anavyomuusia adabu na ukweli. Tena humwambia kwamba anamtungia kidani cha lulu na marijani cha kumvika shingoni, na kidani chenyewe ni yale maneno ya wasia. Nami niliyeisifu shingo sikuwa nimeivika kitu!

Kwa hiyo nakushauri, kabla ya kuhesabu mizani, ukumbuke tendo moja ambalo yeye peke yake alilitenda, kisha utafute ni wapi mwilini mwake limeacha alama. Mimi niliandika juu ya makovu ya mikono yake, aliyoyapata kwenye sigiri alipokuwa akikaanga mandazi kando ya barabara kila alfajiri ili watoto wapate karo, wakati mimi sina kazi. Niliposoma ubeti huo alinikatiza: ilikuwa miaka sita, si minne. Kina cha kati kikaharibika, nami nikautunga upya usiku uleule.