Binti Yangu Hataki Tena Kulisogelea Bao

SWALI: Ndugu Mshauri, baada ya salamu, nina binti wa miaka minane. Marehemu baba yangu aliniachia bao lake pamoja na kete zote 64, na mwezi uliopita niliamua kumrithisha mjukuu wake. Kwa jioni moja nilimweleza kunamua (kuingiza baoni kete za mkononi), nyumba (shimo maalumu la safu ya mbele), kichwa (shimo la mwisho wa safu hiyo), kimbi (shimo la jirani na kichwa) na mtaji (hatua ya kucheza kete zilizo baoni tu). Katika mchezo wa tatu niliila nyumba yake, akalia, na tangu hapo halisogelei bao. Je, nimwache? Na kama nitaendelea, nimwachie ashinde? — Baba mzazi, Tanga

JIBU: Ndugu yetu, usimwache, ila usirudi naye pale ulipoanzia. Ulimkalisha mtoto mbele ya bao la Kiswahili kamili, ambalo kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kulia kwake, na nyingine 22 mkononi, na ambalo kanuni zake hubadilika mara tu kete za mkononi zinapokwisha na mtaji kuanza. Hata mtu mzima aliyekaa barazani miaka kadhaa hutatizwa na mambo hayo. Kwa wanaoanza lipo bao la kujifunza: kete 2 katika kila shimo kati ya yote 32, hakuna nyumba, hakuna kunamua, mnaingia moja kwa moja katika mtaji.

Mpangie hivyo, kisha mwambie achukue kete 2 za shimo la tatu kutoka kushoto, katika safu yake ya mbele, azidondoshe moja moja kuelekea kulia. Ya mwisho itaangukia shimo la tano, lenye kete tayari, na mbele yake pana 2 zako, atazila. Kwa kuwa alikuwa akielekea kulia, alizokula ataanza kuzipanga kutoka kichwa cha kushoto, na ya mwisho itafika shimo la pili, ambako atakula tena 2. Akizirudisha kichwani ataishia palepale shimo la pili, lakini safari hii shimo lako la mbele ni tupu, kwa hiyo atazoa kete 4 zilizomo na kuendelea hadi shimo la sita, ale mara ya tatu, arudi kichwani, na kete ya mwisho ilale, yaani zamu iishe, katika shimo la pili lililobaki wazi. Kete 2 alizoanza nazo zimemletea 6. Mwache azitembeze zote kwa mkono wake mwenyewe, na utamwona akiinama kutazama zitalala wapi.

Hapo ndipo wazazi wengi tunapokosea, na ninakuomba sana ujizuie: usimnyang'anye kete kwa sababu anachelewa, wala usimwonyeshe kwa kidole shimo lililo bora. Akihesabu kwa sauti, mwache ahesabu. Akikosea njia, mrudishe mwanzo wa hatua hiyo bila kumkemea.

Kuhusu kumwachia ashinde, jibu langu ni hapana, kwani mtoto wa miaka minane hutambua upesi kwamba umefanya makusudi, na ushindi wa namna hiyo humvunja moyo kuliko kushindwa. Ni afadhali uondoe kete kadhaa katika safu yako ya nyuma kabla ya kuanza, mbele ya macho yake, kisha ucheze kwa nguvu zako zote, na upunguze idadi hiyo kadiri anavyoimarika. Kama kuna ndugu wanaokuambia kwamba bao ni la wanaume wa barazani, usiwasikilize. Hakuna kanuni ya mchezo huu inayomzuia binti.

Nyumba irudishe pale tu atakapoweza kukutajia, kabla hajagusa kete, shimo ambalo ya mwisho italala. Siku hiyo mfundishe kwanza faida yake: wakati wa kunamua, kete ya mwisho ikiangukia ndani ya nyumba yake na hakuna cha kula, ana hiari ya kulala au kuendelea, hiari ambayo mashimo mengine hayana. Kisha mwonyeshe mnapocheza dalili za nyumba inayokaribia kuliwa, na mara za mwanzo mwambie waziwazi, kabla hujaila, kwamba unaiwinda, ili apate nafasi ya kuivunja mwenyewe, yaani kuzitoa kete zake na kuzisambaza.